Kikuza, Kipokezi na Kipokezi Bandia: Uhakiki wa Istilahi za Ugonjwa wa Macho wa Kisukari

Istilahi za sayansi aghalabu huhakikiwa kwa kuwekwa sambamba na maneno ya kigeni zilikotokana. Mhakiki huona kwamba mzizi wa hili umelingana na mzizi wa lile, na kiambishi nacho kimekaa mahali pake, akaridhika. Njia hiyo ina faida zake, hasa pale neno la kigeni linapokuwa limekieleza kitu barabara. Lakini yako maeneo ya elimu ambamo neno la kigeni lenyewe lilibuniwa kabla kitu hakijafahamika vizuri, au lilishinda maneno mengine kwa sababu zisizohusu ukweli wa kitu hicho. Hapo mfasiri anayelifuata neno badala ya kukifuata kitu huwa anahamishia katika Kiswahili upungufu uliokuwa wa wenyewe.

Makala hii inahakiki istilahi chache zilizomo katika kijitabu kimoja cha elimu ya afya kinachoeleza ugonjwa wa macho unaoletwa na kisukari, na namna utafiti wa vipokezi vya seli ulivyozaa dawa zake. Nilipata nafasi ya kusikia kijitabu hicho kikisomwa mbele ya watu katika kata ya Terrat, upande wa kusini wa Jiji la Arusha. Sikitaji kwa jina, wala siwataji waliokitoa, kwa kuwa makosa yake si yake peke yake. Maneno yale yale huonekana katika maandishi mengine mengi ya aina hii, na pengine yameingia humo kwa kunakiliwa.

Haja ya kulishughulikia jambo hili si ndogo. Utafiti wa McLarty na wenzake uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, ulikuta kisukari kwa mtu asiyefika 1 katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 katika kila 100, miongoni mwa wale wenye miaka 25 hadi 64. Umri wa waliopimwa si mmoja, wala vijiji vile havikuwa mfano wa nchi nzima, basi hesabu hizi mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Lakini hata baada ya kutoa haki hiyo, tofauti iliyobaki inatosha kuonyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukidhaniwa kuwa wa wachache wa mjini sasa unazungumzwa katika kila boma. Na macho ya mwenye kisukari huharibika kimya kimya. Hayaumi, hayawashi, wala hayageuki rangi, mpaka siku mtu anapoona mawingu au utando mweusi ukipita mbele yake. Anayetakiwa kwenda kupimwa ni yule ambaye bado anaona vizuri kabisa, na kinachoweza kumwinua aende ni maneno tu. Maneno hayo yakiwa mabovu, mgonjwa atabaki nyumbani.

Yafaa kwanza tukitazame kitu chenyewe. Nyuma ya jicho, ndani, mna tabaka jembamba liitwalo retina, ndilo linalopokea nuru na kuigeuza kuwa habari za kupelekwa kwenye ubongo. Retina hulishwa na mishipa ya damu midogo mno. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, kuta za mishipa hiyo hudhoofika. Mingine huvuja, mingine huziba. Penye kuziba, sehemu ya retina hukosa oksijeni, nayo hutoa protini ambayo ni kama mwito wa kuomba damu. Protini hiyo huenda ikashika vipokezi vilivyo juu ya seli zinazotanda ndani ya mishipa. Vipokezi vikishikwa, seli hufanya mambo mawili: hulegeza viungo vilivyozishikamanisha, hata maji ya damu yakapenya nje, na hugawanyika, ikaota mishipa mipya. Mishipa hiyo mipya ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, na huacha nyuzi zinazoweza kuivuta retina na kuibandua.

Elimu hii haikuja kwa siku moja. Mwaka 1948 Michaelson alidokeza kwamba retina iliyokosa oksijeni hutoa kitu cha kuita mishipa, ingawa hakukijua ni kitu gani. Mwaka 1971 Folkman alitoa nadharia kwamba uvimbe wa saratani nao huita mishipa ya kuulisha. Mwaka 1983 Senger na Dvorak, pamoja na wenzao, walipata katika uvimbe protini inayofanya mishipa ivuje, nao wakaipa jina kwa kazi hiyo ya kuvujisha. Mwaka 1989 Ferrara, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alipata protini inayofanya seli za mishipa zikue, naye akaiita kwa kazi hiyo ya kukuza. Zilipochunguzwa zikaonekana ni protini moja! Kitu kimoja kilikuwa kimepewa majina mawili, kila jina likitaja nusu ya kazi yake, na jina lililoshinda ni lile la ukuaji. Herufi zake nne, VEGF, ndizo zitumikazo na madaktari wa dunia nzima. Mwaka 1994 Aiello na wenzake waliikuta protini hiyo kwa wingi katika macho ya wagonjwa wa kisukari ambao mishipa yao mipya ilikuwa inaendelea kuota, na tangu hapo njia ya dawa ikawa wazi.

Kijitabu tunachokihakiki kimeita protini hii “kikuza mishipa”. Kwa kipimo cha kulinganisha neno na neno, tafsiri hii haina kasoro: kukuza ni kukuza, mishipa ni mishipa. Kwa kipimo cha kitu, imebeba nusu tu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowapunguzia uwezo wa kuona wagonjwa wengi zaidi, kwa sababu maji yanayovuja katikati ya retina huifanya ivimbe hata kabla hakujaota mshipa mpya hata mmoja. Waingereza na Wamarekani hawana budi kulichukua jina hilo kama lilivyo, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka kwao. Sisi hatukufungwa na kawaida hiyo. Ninapendekeza “kichochea mishipa”, kwa sababu kuchochea hakusemi ni kazi gani itakayotokea. Moto huchochewa ukawaka, na fitina nayo huchochewa ikaenea. Mishipa ikichochewa inaweza kuvuja na inaweza kuota. Najua walimu wa kemia wanalo neno “kichocheo” kwa maana yao, na kwamba wengine hulitumia kwa homoni. Mgongano huo si mkubwa, maadamu neno letu lina yambwa yake ndani.

Kuna jambo la pili katika jina hilo la kukuza, nalo sikuliona mezani, lilionekana Terrat. Msomaji alipofika penye maneno “mishipa mipya ya damu huota”, wazee kadhaa walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja akauliza kama dawa ya kuiotesha inapatikana karibu. Hakuwa amekosa kusikia. Alikuwa amesikia Kiswahili sawasawa. Neno “mpya” katika lugha yetu ni neno la heri, kama nyumba mpya au mvua mpya; “kukua” nako ni heri, ndiyo maana mtoto huombewa akue. Kusema kwamba jicho bovu limeota mishipa mipya ni kutangaza kupona. Mhudumu alijitahidi kueleza, lakini maelezo ya dakika kumi hayafuti urahisi wa maneno mawili.

Lugha ya wakulima inalo neno la kutufaa. Mahindi au maharage yaliyodondoka wakati wa mavuno, yakaota yenyewe pasipo kupandwa na mtu, huitwa maotea. Ni mimea halisi, ya mbegu ile ile, lakini imekuja mahali pasipo pake na wakati usio wake, na mara nyingi haina nguvu. Mishipa inayoota juu ya retina ya mwenye kisukari ni hivyo hivyo: ni mishipa ya kweli, si uvimbe wala mdudu, ila haikutakiwa pale. “Mishipa maotea” ingesema habari hiyo yote bila maelezo marefu. Nilipolijaribu neno hili kwa watu wanaolima walilishika mara moja. Waliokulia katika ufugaji lilihitaji mfano. Huo ni upungufu na haufai kufichwa, lakini ni mdogo kuliko upungufu wa neno linaloeleweka kinyume.

Kwa kuwa tumefika Terrat, niongeze hadhari nyingine. Wakazi wengi wa huko wanasema Kimaasai nyumbani, na katika Kimaasai neno enkong’u ni jicho, nalo pia ni chemchemi. Kiswahili nacho kinalo “jicho la maji” kwa maana hiyo ya chemchemi. Kwa hiyo kijitabu kinaposema “jicho huvuja”, anayesikia hupata picha moja tu, nayo ni machozi. Mwenye jicho kavu huhesabu kwamba hayumo. Hapana budi isemwe kila mara kwamba kinachovuja ni mishipa ya damu, na kwamba huvuja ndani, nyuma ya jicho, pasipoonekana kwa kioo cha kujitazamia. Wala “mishipa” isiachwe peke yake, kwa kuwa neno hilo katika Kiswahili hubeba mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, na tena ni jina la maradhi mengine kabisa ya wanaume.

Sasa tuje kwenye kipokezi, ambacho ndicho moyo wa utafiti wenyewe. Wazo la kwamba seli ina mahali maalumu pa kushikwa na kemikali lilianza zamani. Langley alilieleza mwaka 1905 alipokuwa akichunguza misuli, na Ehrlich wa Ujerumani alikuwa na wazo la jamii hiyo hiyo. Mwaka 2012 Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa Lefkowitz na Kobilka kwa kazi yao juu ya jamii moja kubwa ya vipokezi. Kijitabu chetu kinakiita kitu hiki “kipokeaji” katika sehemu nyingi, “kipokeo” katika sehemu mbili, na mwishoni “resepta”, kana kwamba ni vitu vitatu. Hilo pekee ni kosa kubwa kuliko kuchagua neno baya, kwa sababu neno baya likitumiwa kwa uthabiti hatimaye hueleweka.

“Resepta” tuliweke kando, kwa kuwa desturi ya kuunda istilahi inatutaka tutafute kwanza katika Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu na lugha nyingine za Afrika, ndipo tugonge mlango wa mbali. Kwa njia hiyo tulipata “ngeli” kutoka Kihaya, na hakuna leo anayeona ugeni wake. “Kipokeo” nalo lina mwenyewe: washairi hulitumia kwa mstari unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti. “Kipokeaji” halina kosa la sarufi, lakini kiambishi -aji hutufikirisha juu ya mtendaji mwenye mazoea, kama msomaji na mpokeaji wa barua, na ndicho chanzo cha lawama iliyotolewa na baadhi ya walimu wa biolojia kwamba istilahi zote zitokanazo na kupokea ni baridi, kwamba zinakifanya kitu hiki kionekane kama sanduku la posta. Wao wangependa “kitambuzi”, au “kiitikiaji”.

Lawama hiyo naiona ina haki katika nusu ya kwanza tu. Ni kweli kwamba kipokezi hakikai tu. Kile chenye namba 2, ambacho ndicho hasa huisikiliza protini yetu katika mishipa, kimepenya utando wa seli. Sehemu yake ya nje hushika, kisha vipokezi viwili hukutana vikawa jozi, na sehemu zao za ndani huamshana na kupeleka ujumbe ndani ya seli. Mfano wa ufunguo na kufuli, unaopendwa sana katika vijitabu vya afya, haulielezi jambo hili, kwa sababu kufuli likifunguliwa halipeleki habari popote. Lakini nani amesema kwamba kupokea, katika Kiswahili, ni kukaa tu? Mtoto mwenye adabu humpokea mama mzigo, na maana yake ni kwamba mzigo sasa uko kichwani pake na unaendelea na safari. Waimbaji humpokea kiongozi wa wimbo, na maana yake ni kwamba wameitikia. Katika kitenzi hiki kimoja zimo kazi zote tatu ambazo wanasayansi walichukua karne nzima kuzipambanua: kushika, kuitikia, na kupeleka mbele. Wanaoliona neno ni baridi wamelifikiria kwa tafsiri ya kigeni, wakasahau linavyotumika majumbani.

Basi liwe “kipokezi”. Kwa umbo linakwenda na mpokezi na mapokezi, kama vile kulea kulivyotoa mlezi. Linakubali wingi bila taabu, na linakaa vizuri mbele ya jina jingine: kipokezi cha insulini, kipokezi cha kichochea mishipa. Fasili yake ndiyo iandikwe upya. Isitoshe kusema ni “sehemu ya seli inayopokea kemikali”. Iseme ni protini ya seli inayoshika ujumbe maalumu na kuuitikia kwa kuamsha kazi ndani ya seli.

Fasili hiyo ikikubaliwa, neno baya kuliko yote katika kijitabu hujidhihirisha lenyewe. Mwaka 2002 watafiti wa kampuni ya Regeneron ya Marekani walichapisha habari za protini waliyoiunda kwa kuunganisha kipande cha kipokezi namba 1 na kipande cha kipokezi namba 2, wakakipachika kwenye mkia wa kingamwili. Ndiyo dawa iitwayo aflibercept, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa ugonjwa wa retina wa wazee, na mwaka 2014 kwa uvimbe wa retina wa kisukari. Inapodungwa ndani ya jicho huelea katika ute wake, huishika protini inayochochea, na haipeleki ujumbe popote, kwa kuwa sehemu ya ndani haina. Wazo hilo si geni kwa mwili wenyewe, maana kipokezi namba 1 hushika kwa nguvu kubwa lakini hupeleka ujumbe kwa udhaifu, na mwili hutoa pia sehemu yake inayoelea huru. Mtu amejifunza hila hiyo kwa seli.

Kijitabu kinaiita dawa hii “kipokezi bandia”. Sina shaka kwamba mfasiri alikuwa na nia njema. Alifikiria meno ya bandia na mguu wa bandia. Lakini katika habari za dawa, neno hilo lina mwenyewe tayari. Dawa bandia ndizo zile ambazo serikali huwaonya wananchi wasizinunue, zinazokamatwa madukani na kuteketezwa. Mgonjwa anayeambiwa kwamba sindano itaingia ndani ya jicho lake tayari ana hofu ya kutosha. Akiambiwa tena kwamba kilichomo ni bandia, atauliza, kama walivyouliza Terrat, kwa nini asiletewe kilicho halisi. Neno moja limeiharibia sifa dawa nzima. Istilahi ya namna hii haifai kungojea toleo lijalo la kamusi. Yapasa iondolewe mara moja.

Badala yake ninapendekeza “kipokezi mtego”, katika muundo ule ule wa askari kanzu. Nilifikiria pia “kipokezi chambo”, lakini chambo huvuta tu, mwenye kunasa ni ndoana. Na wafugaji wa nyanda za chini ya Meru hawana sababu ya kuijua ndoana. Mtego unajulikana kwa mvuvi, mkulima na mchungaji. Neno hili lina faida nyingine: linaitenga dawa hii na bevacizumab, ambayo ni kingamwili wala si kipokezi, na ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2013 katika orodha ya dawa muhimu kwa matibabu ya macho. Kijitabu kimezichanganya hizo mbili chini ya jina moja, jambo ambalo mfamasia hawezi kulivumilia.

Juu ya jina la ugonjwa wenyewe sitakaa sana. “Upofu wa kisukari” limeandikwa juu ya jalada kwa herufi kubwa, bila shaka ili litishe. Jina hilo hutaja mwisho wa ugonjwa na kuusahau mwanzo wake; asiye kipofu hujiona halimhusu, na aliyeanza kuona giza huona kwamba hukumu imekwisha kutolewa. “Ugonjwa wa retina wa kisukari” ni refu kidogo lakini ni kweli, na humruhusu mtu kuwa nao angali anaona. Wahenga walitoa “mtoto wa jicho” kwa ugonjwa wa lenzi, jina zuri lisilo na hukumu ndani yake, nalo limedumu. “Kisukari” chenyewe kimedumu pia, ingawa katika soko lolote la Arusha utauziwa ndizi kisukari na hakuna atakayekudhania mgonjwa.

Haki itendeke: kijitabu kina mema yake. Kimetumia “seli” tangu mwanzo hadi mwisho bila kuyumba kwenda kwenye “chembe”, ambayo ni punje ya kitu chochote; kimeacha “retina” ibaki retina, badala ya kuiita kioo cha jicho na kuichanganya na lenzi; na kimeeleza kwa Kiswahili safi jinsi mtu atakavyotiwa dawa ya kupanua mboni kabla ya kupigwa picha, na kwamba ataona ukungu kwa saa kadhaa baadaye. Sehemu hiyo iliposomwa hapakuwa na swali. Wanaokwenda kupimwa Moshi, katika Hospitali ya KCMC, watakuta mambo ni kama walivyoelezwa.

Limebaki neno moja ambalo sijalipatia jawabu. Katikati ya retina pana eneo dogo ambalo kwalo mtu husoma, hutia uzi katika sindano na hutambua nyuso. Ndilo linalovimba mishipa inapovuja. Kijitabu kimeliita “doa la njano”, kwa kulifuata jina la Kilatini. Katika Kiswahili doa ni uchafu au aibu, na doa ndani ya jicho ni ugonjwa. Kumwambia mtu mzima wa afya kwamba ana doa la njano ni kumtia wasiwasi bure. “Makula” halimwambii kitu, na tena hufanana mno na vyakula. “Kitovu cha retina” lina picha nzuri, ila wataalamu wa macho niliozungumza nao wanahofia litachanganywa na mahali mshipa wa fahamu unapotokea, ambapo kwa umbo ndipo hasa pafananapo na kitovu. Wasomaji walio na neno, hususan wa lahaja za pwani na wa lugha za Meru na Kilimanjaro, wanaombwa waliandike pamoja na mifano ya matumizi yake.